Protini zina sarufi kweli, au ni maneno ya watu wa AI tu? Jibu kwa dada wa isimu

Dada mmoja wa Morogoro aliyemaliza shahada ya isimu kauliza hivi, nafupisha: anasikia kila siku kwamba kompyuta "imejifunza lugha ya protini", anataka kujua kama protini kweli zina sarufi au ni namna ya kuongea tu, na kama mtu aliyesoma fonolojia na sintaksia anaweza kuchangia chochote humo akiwa na laptop ya kawaida.

Dada, sarufi ipo, ila haipo pale watu wengi wanapoitafuta. Ukichukua protini moja ukaiangalia kama sentensi, ukaanza kusaka maneno na maana yake, utaambulia kidogo sana. Ila ukichukua ndugu mia tano wa hiyo protini, wa binadamu, wa panya, wa kuku, wa samaki, ukawapanga mmoja chini ya mwenzie kama mlivokua mnapanga maneno ya lugha za Kibantu kwenye isimu historia, hapo sarufi inaanza kuonekana. Karibu kila kitu kilichofanikiwa kwenye hii fani kimepita njia hiyo ya pili, hata hizo AI zenyewe ukizichunguza ndani.

Alfabeti kwanza, haraka tu. Protini ni mnyororo wa asidi amino, ziko 20 za kawaida, na kila moja imepewa herufi yake moja. Herufi hizo tunadaiwa na Margaret Dayhoff, mama aliyetoa atlasi ya kwanza ya mifuatano ya protini mwaka 1965, na alizifupisha hivo kwa sababu ya kubana nafasi kwenye kompyuta za enzi hizo, sio kwamba alikua anawaza lugha. Kwa hiyo usishtuke ukiona VHLTPEEK, hiyo ni protini, sio nywila ya mtu.

Sasa kwa nini nasema protini moja peke yake haikupi kitu. Claude Shannon alikadiria mwaka 1951 kwamba herufi ya Kiingereza ndani ya maandishi ya kawaida inabeba kama biti 1 tu ya habari, maana herufi zilizotangulia zinakusaidia kukisia inayofuata, na Kiswahili nacho ni vilevile, ukiona "ninakwen" hukai kujiuliza sana. Protini sio hivo. Herufi 20 zikitumika kwa usawa kabisa zinatoa biti 4.32 kwa herufi, na protini halisi zinatoa kama 4.19. Yaani kujua herufi za nyuma karibu hakukusaidii. Watu wawili, Nevill-Manning na Witten, walijaribu mwaka 1999 kuzibana protini kama unavyozip faili wakaishia kusema hazibaniki. Kwa hiyo mtu akikwambia eti protini ni maandishi kama gazeti, muulize mbona gazeti linabanika.

Na usidanganyike na sheria ya Zipf pia, ile inayosema maneno machache yanatumika mno na mengi yanatumika mara chache. Mwaka 1994 kuna watafiti walipima vipande vya DNA ile isiyotengeneza protini wakaona vinafuata sheria ya Zipf, kelele zikawa nyingi kwamba kuna lugha imejificha humo, halafu wengine wakaonyesha kwamba Zipf inatokea hata kwenye herufi zilizobonyezwa ovyo. Ukipata mstari mzuri wa Zipf kwenye data yako usiandike paper, kunywa chai kwanza.

Haya, ndugu. Kuna protini inaitwa saitokromu c, kwa binadamu ina asidi amino 104. Ya kwetu na ya sokwe mtu ni ileile herufi kwa herufi, ya nyani aina ya rhesus imetofautiana kwa herufi 1, na ukienda mpaka kwenye hamira tofauti zinakua nyingi ila bado unaitambua. Zuckerkandl na Pauling walisema mwaka 1965 kwamba molekuli ni hati za historia, na walimaanisha kabisa, unazisoma kama msomi anavyolinganisha nakala za utenzi mmoja zilizonakiliwa na watu tofauti ajue nani alinakili kwa nani. Ukishawapanga ndugu unaona nafasi moja imekaa herufi moja tu karibu kwa wote, nafasi nyingine inapokea L au I au V ila haipokei D hata kidogo, na nyingine inapokea chochote. Mtu wa isimu hapo anatakiwa awe anatabasamu, maana huo ni uchambuzi wa mtawanyo, nani anaweza kukaa mahali pa nani bila kuharibu kitu.

Na hilo swali limeshawekewa namba. Jedwali linaloitwa BLOSUM62, la mwaka 1992 la Henikoff na mkewe, linatoa alama kwa kila jozi: I kubadilishana na V ni 3, D na E ni 2, hao ni visawe vya karibu. W kubaki W ni 11, alama kubwa kuliko zote, maana W ni adimu na ikishakaa mahali huwa haitoki kirahisi. Jedwali hilo hakuna mtu aliyelitunga kwa kukaa akafikiria kemia, lilihesabiwa kutoka kwenye vipande vya ndugu waliopangwa pamoja.

Tuje kwenye jozi mlinganuo finyu, yaani maneno mawili yanayotofautiana kwa sauti moja tu, maana najua ndo utaniuliza. Ninyi mna pata na bata, sisi tuna himoglobini, ile protini inayobeba oksijeni kwenye damu. Mnyororo wa beta unaanza VHLTPEEKSAV. Mwaka 1957 Vernon Ingram alionyesha kwamba mtu mwenye selimundu ana VHLTPVEKSAV, nafasi ya 6, E imekua V, herufi moja kati ya 146. Kuna aina ya tatu, inapatikana zaidi Afrika Magharibi, VHLTPKEKSAV, himoglobini C, ugonjwa wake ni mwepesi zaidi. Nafasi moja, herufi tatu, hali tatu tofauti za mwili. Jozi nzuri kuliko hiyo kwenye biolojia sijaiona.

Ila hapohapo ndo analojia inaanza kupasuka, na hii naomba uisome taratibu. Hiyo himoglobini yenye V haina kosa la kisarufi. Inajikunja vizuri, inabeba oksijeni, ukiipima ikiwa peke yake utasema iko sawa. Shida inakuja pale ikishaachia oksijeni na kukutana na himoglobini nyingine, ile V ambayo haipendi maji inaingia kwenye kishimo cha mwenzie, huyo naye anashika mwingine, mpaka inakua kamba ndefu inayopinda seli nzima. Kwa lugha yenu sentensi ni sahihi, tatizo liko kwenye pragmatiki, imetamkwa kwenye kadamnasi isiyofaa. Na hata neno tatizo lina mipaka yake, maana Anthony Allison alionyesha mwaka 1954, kwa kazi aliyoifanya huku kwetu Afrika Mashariki, kwamba mwenye nakala moja tu ya hiyo jeni anapata kinga dhidi ya malaria. Kwa hiyo modeli yoyote inayosoma mfuatano mmoja halafu inakupa alama ya "sahihi" au "si sahihi" haiwezi kukwambia yote hayo, hata iwe kubwa kiasi gani, habari nyingine zimekaa nje ya mfuatano.

Sintaksia je? Hapa pamenoga, ngoja nikae kidogo. Chukua sentensi hii: "Kitabu ambacho mwalimu aliyekuja jana alikisoma kimepotea." Kitabu kinapatana na kimepotea kule mwisho, katikati mwalimu anapatana na vitenzi vyake, upatanisho mmoja umefungiwa ndani ya mwingine. Sarufi huru muktadha, ile aina ya sarufi inayoweza kufungia kipande ndani ya kipande, inaliweza hilo bila shida. RNA, molekuli ndugu ya DNA, nayo inajikunja kwa mtindo huohuo wa kufungiana, na David Searls aliandika sana kuhusu hilo tangu miaka ya 1990, alionyesha kwamba ngazi za Chomsky, yale madaraja ya sarufi kutoka nyepesi hadi ngumu, zinaweza kutumika kwenye RNA kama hesabu halisi sio kama pambo.

Protini ni wakorofi zaidi. Angalia insulini. Mwili unaitengeneza kwanza kama proinsulini, mnyororo mmoja wa herufi 86: mnyororo B herufi 30, halafu RR, halafu kipande cha kati herufi 31, halafu KR, halafu mnyororo A herufi 21. Hizo RR na KR ni alama za mipaka kabisa, vimeng'enya vinazitambua na kukata hapo, kipande cha kati kinaondoka, A na B zinabaki zimeshikana. Zinashikana kwa C, yaani sisteini, kila C ina mwenzie. Ukihesabu ndani ya hiyo proinsulini, C ya nafasi ya 7 imeshikana na ya nafasi ya 72, ya 19 imeshikana na ya 85, na ya 71 imeshikana na ya 76. Chora mistari kwenye karatasi utaona: 7 inaenda 72, 19 inaanzia katikati ya hiyo lakini inaishia nje, 85. Hazifungiani, zinakatizana. Ukisema uandike sheria za jumla za mikatizano ya namna hiyo, sarufi huru muktadha hazitoshi tena, na nyie mnalijua hilo maana Shieber alionyesha mwaka 1985 kwamba Kijerumani cha Uswisi kina vitenzi na shamirisho zinazokatizana hivohivo. Na huo ni upatanisho hasa: ukiiondoa C moja, mwenzie anabaki hana wa kushika. Halafu kile kipande cha kati kinachotupwa, kati ya wanyama tofauti kimebadilika sana kuliko A na B, jambo ambalo usingelijua kwa kuangalia insulini ya binadamu peke yake hata ukiitazama mwaka mzima.

Kwenye maneno ndo mambo yanakua magumu. Protini hazina nafasi kati ya maneno. Mwaka 2015 Asgari na Mofrad walikatakata protini kwa herufi tatu tatu wakaziita maneno, wakazipitisha kwenye ile mbinu ya kuwakilisha neno kwa majirani zake. Ilifanya kazi kiasi chake, sema kukata tatu tatu ni sawa na kukata hawatakuja ukapata haw, ata, kuj na a, mofimu zote umezichinja. Na hata kipande cha herufi tano hakina maana ya kudumu: Kabsch na Sander walionyesha mwaka 1984 kwamba herufi tano zilezile kwenye protini moja zinajisokota kama springi na kwenye nyingine zinanyooka kama utepe. Hiyo ni homonimu, kama kaa la moto na kaa wa baharini, muktadha ndo unaamua.

Maneno ya kweli yapo machache, mafupi, na mara nyingi ni anwani. KDEL mwishoni kabisa mwa protini inamaanisha rudisha huyu kwenye retikulamu ya endoplazimu, moja ya vyumba vya ndani ya seli. SKL mwishoni ni peleka kwenye peroksisomu, chumba kingine cha seli. Kimelea cha malaria, Plasmodium falciparum, nacho kina lake, lilielezwa na makundi mawili mwaka 2004: R, chochote, L, chochote, halafu E au Q au D, protini yenye hilo inatolewa nje ya kimelea iende kufanya vurugu kwenye seli nyekundu. Sasa jiulize, kitu kama hicho si unakitafuta kwa mstari mmoja wa programu? Unaweza, na utaumia. Kama herufi zote zingekua na nafasi sawa ungekipata kwa bahati tu mara moja katika kila herufi kama 2,700, na kimelea kina jeni kama 5,300, nyingi ndefu, kwa hiyo utavuna mamia kwa mamia ya uongo. Kinachofanya neno liwe neno ni mahali lilipo: liwe karibu na mwanzo, baada ya ile ishara ya kuingilia njia ya kutolea protini. Mofimu na nafasi yake, hamuoni ajabu hilo nyie mnaoandika ha-wa-ta-ku-j-a kila siku.

Ngazi ya juu ya hapo, domeini, ndo mi binafsi naona neno sarufi linastahili bila kujitetea. Domeini ni kipande, kama herufi mia hivi kwa wastani, kinachojikunja chenyewe na kuhamishika kutoka protini moja kwenda nyingine. Hazina ya Pfam ina familia zaidi ya elfu 20. Ingekua mchezo wa bahati ungekuta kila domeini imekaa na kila domeini, lakini mipangilio inayoonekana ni sehemu ndogo mno ya ile ambayo ingewezekana, na mpangilio una mwelekeo, kwa mfano domeini ziitwazo SH3 halafu SH2 halafu kinasi kwenye familia ya protini za Src, sio kinyume chake. Mfano wa karibu na sisi ni PfEMP1, ile protini ambayo kimelea cha malaria kinaiweka juu ya seli nyekundu ili seli ing'ang'anie kwenye kuta za mishipa. Kila kimelea kina jeni kama 60 za hiyo protini na kinawasha moja kwa wakati, ikishajulikana na kinga kinabadilisha. Kichwa chake kwa kawaida kina domeini iitwayo DBL ya aina ya alfa ikifuatiwa na nyingine iitwayo CIDR, baada ya hapo zinafuata DBL na CIDR nyingine kwa idadi tofauti, mwisho kipande cha ndani ya seli. Halafu kuna mmoja kavunja utaratibu, VAR2CSA, hana kichwa hicho cha kawaida, na huyo ndiye anayeshika kwenye kondo la nyuma na kuwaletea wajawazito malaria mbaya. Watafiti wa Kilifi hapo Kenya waliwahi kuzipanga DBL alfa kwa kigezo chepesi kabisa, kipande kina C mbili au nne, na kina MFK au REY kwenye sehemu fulani zisizobadilika sana, na makundi hayo yakaonyesha uhusiano na ukali wa malaria kwa watoto. Hiyo ni kazi ya mtu mwenye jicho la mofolojia, wala haikuhitaji AI yoyote.

AI nazo, kwa kifupi, maana zimeshaandikwa sana. Modeli kama ESM-2 zinafundishwa kwa zoezi la jaza nafasi, unaficha kama asilimia 15 ya herufi, modeli inakisia, mamilioni ya mifuatano. Zikimaliza zinajua nani anagusana na nani kwenye umbo, bila kufundishwa umbo. Inashangaza, lakini utafiti wa 2024 uliochungulia ndani ya ESM-2 ulikuta kwamba sehemu kubwa ya kinachofanyika ni kukumbuka takwimu za vipande vinavyobadilika kwa pamoja ndani ya familia, yaani palepale kwa ndugu tulipoanzia. AlphaFold, AI inayokisia umbo la protini, iliyowapa Hassabis na Jumper Nobeli ya kemia mwaka 2024, inakula mpangilio wa ndugu waziwazi. Iliyonifurahisha mimi kama fikra ya kiisimu ni ya Hie na wenzake, 2021, kuhusu virusi vya mafua, HIV na korona: kirusi kinachotaka kukwepa kinga lazima kibaki na sarufi sahihi, kiendelee kuishi, huku kikibadilisha maana, kinga isikitambue. Walipima vitu viwili hivyo tofauti na wakaweza kukisia mabadiliko ya ukwepaji. Hapo maana wameipa tafsiri ya kihesabu, sio ile ya kamusi, na ukisoma kazi zao uliangalie hilo kwa makini.

Kuhusu laptop: inatosha kwa kuanzia. ESM-2 ndogo kabisa ina vigezo milioni 8 tu, kubwa ina bilioni 15, hiyo ndogo inatembea bila kadi ya michoro. HMMER, programu ya kutafuta na kupanga ndugu, ni ya bure, inatumia modeli fiche za Markov zilizoazimwa kutoka kwenye utambuzi wa sauti, kwa hiyo kama ulisoma fonetiki ya kompyuta uko nyumbani. Mifuatano unaipakua UniProt, hazina ya mtandaoni ya protini, bila kuomba ruhusa ya mtu. Anza na familia moja, mi ningechukua globini au hizo DBL, wapange ndugu, tafuta nafasi zinazobadilika pamoja kabla hujagusa modeli yoyote kubwa.

Halafu kitu kimoja kitakachokuokoa na aibu mbele ya wakaguzi: ukigawanya data ya kufundishia na ya kupimia usigawanye kwa kubahatisha. Himoglobini ya binadamu ikiwa upande wa kufundishia na ya sokwe upande wa kupimia, modeli yako itapata asilimia tisini na kitu na haijajifunza chochote, imekariri ndugu. Kusanya kwanza wanaofanana kwa programu kama MMseqs2, watu wengi hutumia kikomo cha kufanana kwa asilimia 30, halafu ukoo mzima uende upande mmoja. Alama zitashuka, hizo ndo za kuandika kwenye tasnifu.